Pima Kwanza, Ndipo Utibu: Maneno Machache Kuhusu Matumbawe ya Sebuleni

Wabongo tuna tabia moja ambayo sijui tuliirithi kwa nani. Mtu akipata homa, kabla hajakaa vizuri, kila aliye karibu naye keshajua ni malaria. Dawa inanunuliwa duka la mtaani, inamezwa. Homa ikishuka tunasema "si nilikwambia?" Isiposhuka, tunaongeza dawa nyingine juu ya ile ya kwanza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likalazimika kutoa mwongozo kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Jambo la wazi namna hiyo, likaandikiwa mwongozo!

Leo lakini siandiki kuhusu malaria. Naandika kuhusu matumbawe, tena si yale ya baharini, bali yale yanayofugwa kwenye tangi la kioo sebuleni. Najua kuna watakaoguna: huyu naye kakosa cha kuandika? Nivumilieni kidogo, maana tabia ni ile ile, ila mgonjwa ndiye tofauti.

Kwanza tukubaliane tumbawe ni nini. Sisi wa pwani tumelizoea kama jiwe. Nyumba za Mji Mkongwe na magofu ya Kilwa yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Lakini tumbawe likiwa hai ni mnyama. Ni maelfu ya wanyama wadogo wenye mdomo na minyiri, wanaoishi pamoja juu ya mifupa ya chokaa wanayoijenga wenyewe. Ndani ya nyama yao wamo mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Mwani hao hutumia mwanga kutengeneza chakula, na wanaweza kumpa mwenyeji wao hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Rangi nyingi tunazozishangaa zinatokana na ushirika huo. Ukivunjika, tumbawe linabaki jeupe. Hiyo ndiyo tunaita kupauka.

Kufuga kiumbe wa namna hii nyumbani si jambo la jana. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika kwenye jarida la wafugaji wa samaki la Marekani jinsi alivyoyaweka matumbawe hai kwa kutumia mawe ya baharini na mapovu ya hewa tu. Wajerumani wakaja na mtindo wao wa Berlin wenye mtambo wa kukamua uchafu kwa povu. Leo kuna watu wanaokata vipande vya matumbawe na kuvikuza kwenye matangi kama sisi tunavyopanda vipande vya mihogo.

Sasa tuje kwenye kisa. Jamaa yangu mmoja anaishi Upanga. Aliwahi kufanya kazi Ulaya, akarudi na ugonjwa wa kupenda matumbawe. Ana tangi la lita 400. Vipande vyake ni vya kukuzwa, na vilikuja na karatasi zake zote, kwa sababu matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES na huwezi kuyavusha mipaka kama unavyobeba maembe. Januari 2024, katikati ya ule mgao wa umeme na lile joto, alisafiri kikazi kwenda Dodoma kwa siku kumi. Aliporudi akakuta msiba. Matumbawe yake matatu ya Acropora yalikuwa meupe kwenye ncha, na nyama inabanduka kutoka chini. Lile la Euphyllia lenye minyiri mirefu lilikuwa limejikunyata kama ngumi. Tumbawe laini lilikuwa limefunga na kunywea.

Jamaa akafanya nini? Akafanya kile ambacho Wabongo tunafanya kwenye homa. Siku ya kwanza akapunguza mwanga. Siku ya pili akaongeza chakula. Siku ya tatu akamimina chupa ya kupandisha alkaliniti. Siku ya nne akamimina dawa ya wadudu wa matumbawe. Alikuwa na chupa tano mezani, na kila moja imeandikwa maneno matamu.

Lililonisumbua zaidi ni hili: alikuwa ameshampata mchawi. Nyumbani kwake kuna kijana wa kazi. Jamaa akaamini kijana amepuliza dawa ya mbu sebuleni ikaingia kwenye maji. Kijana akaapa hajapuliza. "Bosi, wallahi sijagusa." Jamaa akasema mwisho wa mwezi ni mwisho wako. Yaani mtu anapoteza kibarua kwa sababu ya mnyama asiyejua kusema anaumwa wapi!

Mimi si mtaalamu wa bahari. Ni mwandishi wa gazeti, kazi yangu ni kuuliza maswali. Lakini nilipoanza kusoma na kuuliza nikagundua kwamba kumchunguza tumbawe mgonjwa hakuhitaji ramli. Kunahitaji maswali manne, tena kwa mpangilio.

Swali la kwanza: nani anaumwa? Likiumwa tumbawe moja na majirani zake wazima, usiyalaumu maji, kwa kuwa wote wanaoga humo humo. Angalia mahali lilipo. Labda taa inalipiga sana, labda jirani analichoma. Ndiyo, matumbawe hupigana! Euphyllia na Galaxea hutoa usiku minyiri mirefu yenye sumu na kuunguza kilicho karibu. Wakiumwa wa jamii moja tu, tafuta wadudu wa jamii hiyo. Kuna minyoo bapa inayokula Acropora na kuacha alama ndogo za kuumwa, tena ina rangi ya tumbawe lenyewe, kwa hiyo unaitafuta usiku kwa tochi, pamoja na mayai yake chini ya matawi. Wakiumwa wote kwa pamoja, wa kila jamii, basi tatizo ni la wote: maji, joto au mwanga.

Kwa jamaa yangu walikuwa wanaumwa wote. Kwa hiyo ile dawa ya wadudu ilikuwa kazi bure. Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo lingemwokoa kijana siku ile ile kama mtu angeangalia. Ndani ya tangi kulikuwa na kamba wawili wadogo, wanatembea juu ya mawe kama hakuna kilichotokea. Viuatilifu vya mbu huua jamii ya kamba na kaa upesi sana, maana na wao ni ndugu wa wadudu. Dawa ya mbu ingeingia mle kwa kiasi cha kuyaangusha matumbawe yote, kamba wangetangulia kaburini. Ushahidi ulikuwa unatembea mbele ya macho ya hakimu, naye anaandika hukumu.

Swali la pili: ni dalili gani hasa? Tumbawe lililopauka ni jeupe lakini nyama bado ipo, unaweza kuiona kama utando mwembamba unaong'aa, na minyiri bado inatoka. Hilo halijafa, lina njaa. Tumbawe lililokufa ni mfupa mtupu, na baada ya siku chache mwani wa kijani na kahawia unauvaa. Tumbawe lililogeuka kahawia mara nyingi limepungukiwa mwanga au maji yana rutuba nyingi kupita kiasi. Ncha zilizoungua huku sehemu nyingine iko sawa zinanong'ona habari za alkaliniti. Nyama ikibanduka kwa kasi, mnyama amepata mshtuko mkubwa.

Swali la tatu: nini kimebadilika? Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu hawaandiki. Jamaa alikuwa na taa ya kisasa, pampu ya kisasa, simu ya kisasa, lakini hakuwa na daftari la shilingi elfu moja. Tukakaa na kijana, tukamwuliza bila kumtisha. Akaeleza vizuri kabisa. Umeme ulikuwa unakatika mchana kwa saa nyingi, na mashine ya kupoza maji inazimika. Ukirudi, anawasha na feni juu ya tangi kama alivyoelekezwa. Maji yakapungua sana kila siku. Aliambiwa maji yakipungua aongeze kutoka kwenye ndoo. Ndoo zilikuwa mbili, hazina maandishi. Moja ina maji baridi yaliyochujwa, nyingine ina maji ya chumvi yaliyotayarishwa kwa ajili ya kubadilisha. Akatumia ya chumvi. "Nikaona hawa si samaki wa baharini?"

Mimi sikumlaumu. Wangapi miongoni mwetu tuliosoma hadi chuo kikuu tungejibu tofauti? Maji yanapoondoka kama mvuke, chumvi haiondoki. Inabaki. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matupu, si maji ya chumvi. Hebu tupige hesabu. Tangi lilikuwa linapoteza kama lita nne na nusu kwa siku. Kila lita ya maji ya chumvi yale ina gramu 35. Hiyo ni kama gramu 157 za chumvi ya ziada kila siku, na kwa siku kumi ni zaidi ya kilo moja na nusu, kwenye tangi la lita 400. Kiwango cha chumvi kinapanda kutoka sehemu 35 kwa elfu hadi karibu 39.

Lakini hesabu ni dhana tu mpaka uipime, na hilo ndilo swali la nne: vipimo vinasema nini, na je, vipimo vyenyewe ni vizima? Jamaa hakuwa anapima chumvi kabisa, alikuwa anasema "nachanganya kwa kikombe kile kile siku zote". Tukaazima rifraktomita. Kabla ya kuitumia tukaipima yenyewe kwa maji maalumu yanayojulikana kuwa na sehemu 35, kwa sababu kipimo kibovu ni kibaya kuliko kukosa kipimo. Tukairekebisha, ndipo tukapima tangi. Ikasoma 39.

Kipimajoto alichokuwa akitumia ni kile cha karatasi kinachobandikwa nje ya kioo, ambacho kinasoma joto la sebule pamoja na la maji. Tukatia cha dijitali ndani ya maji, tukawa tunaandika kila baada ya saa tatu kwa siku mbili. Alfajiri nyuzi 27. Saa kumi jioni, umeme haupo, nyuzi 31. Na ile feni haikuwa msaada mkubwa, maana feni hupoza maji kwa kuyageuza mvuke, na hewa ya Dar mwezi wa Januari imeshashiba unyevu.

Alkaliniti ndiyo ilinishangaza. Jamaa alizoea kuiweka digrii 8. Sasa ilikuwa 12. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na chumvi kuongezeka, lakini sehemu kubwa ilitokana na ile chupa aliyomimina siku ya tatu. Yaani tiba ilikuwa imeshakuwa sehemu ya ugonjwa! Amonia haikuwepo. Naitreti na fosfeti zilikuwa kawaida.

Basi ugonjwa ukajulikana: joto linalopanda na kushuka nyuzi nne kila siku, chumvi iliyopanda ndani ya siku kumi, na juu yake alkaliniti iliyorushwa na mwenye tangi mwenyewe. Mtu anaweza kusema mbona Bahari ya Shamu ina chumvi ya sehemu 40 na matumbawe yanaishi? Ni kweli, lakini yale yamezaliwa humo na yamezoea. Chumvi ile ile ikija ndani ya siku kumi, pamoja na joto, ni habari nyingine.

Tiba ilikuwa ya kuchosha kwa wale wanaopenda miujiza. Chupa zote tano zikarudishwa kabatini. Taa haikuguswa tena. Chumvi ikashushwa polepole, isizidi sehemu moja kwa siku, kwa kutoa maji kidogo ya tangi na kurudisha maji yaliyochujwa, maana kuishusha ghafla kungekuwa kuwapiga wagonjwa kofi la pili. Mashine ya kupoza ikaunganishwa kwenye betri na inveta. Ndoo zikaandikwa kwa herufi kubwa. Na kila siku joto na chumvi vinaandikwa kwenye daftari.

Si wote waliopona. Acropora mbili zilikufa kabisa. Ya tatu ilikatwa ncha zilizobaki hai, zikabandikwa kwenye jiwe jingine, na baada ya miezi kadhaa zikaanza kutoa matawi. Euphyllia lilifunguka baada ya wiki mbili hivi. Kijana bado yuko kazini, na daftari analiandika yeye. Jamaa alimwomba radhi, na hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko Acropora zote tatu.

Sasa nasikia mtu anasema: hizo ni anasa za wenye hela, watu hawana maji ya kunywa ninyi mnapoza maji ya samaki. Hoja hiyo naiheshimu na siwezi kuipuuza. Msimamo wangu ni huu: kama huna nafasi ya kupima, usifuge matumbawe. Si lazima. Kuna samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa rangi wanaotoka Kigoma, ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawagombania, na sisi wenyewe hatuwajui. Anza na hao. Tumbawe si pambo la kuwaonyesha wageni. Ni mnyama anayetegemea umeme wako, ndoo yako na akili yako, na akifa kwa uvivu wako ni wewe uliyemuua.

Lakini tangi lina faida moja ambayo wakosoaji hawaioni. Linamfundisha mtu kuutazama mwamba wa bahari kwa macho mengine. Aprili 2024, miezi michache tu baada ya kisa cha Upanga, NOAA, lile shirika la Marekani la bahari na anga, lilitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne wa matumbawe, baada ya ule wa 1998, wa 2010 na wa 2014 hadi 2017. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotajwa. Mwaka 1998 visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza kama asilimia 90 ya matumbawe hai. Na kinachotosha kuanzisha balaa hilo ni nyuzi moja tu juu ya joto la juu lililozoeleka, likikaa kwa wiki kadhaa. Nyuzi moja, ndugu zangu. Jamaa wa Upanga alikuwa anacheza na nne.

Ndipo nawageukia wenzangu wa magazetini. Tunaandika "matumbawe yanakufa" kisha tunamnukuu kiongozi mmoja anayelaumu wavuvi, au mtaalamu mmoja anayelaumu joto, na habari imekwisha. Hatuulizi yale maswali manne. Mwamba uliopigwa baruti unajulikana: umevunjika vipande vipande, kifusi kimetapakaa. Mwamba uliopaushwa na joto unasimama mzima, mweupe, matawi yote yako mahali pake. Uliovamiwa na kiti cha pweza wa miiba mingi, yule anayekula nyama ya tumbawe, una mabaka meupe huku majirani zake wazima. Maradhi matatu, dalili tatu, na tiba tofauti kabisa. Ukiwakamata wavuvi kwa ugonjwa ulioletwa na joto, unakuwa kama jamaa yangu na kijana wake. Na ukisingizia joto la dunia mahali ambapo baruti ndiyo iliyovunja, unamsaidia mhalifu kulala usingizi.

Tusidanganyane. Ni rahisi kumtafuta mwenye hatia kuliko kutafuta chanzo. Mwenye hatia unampata kwa dakika tano, chanzo kinataka daftari, uvumilivu na kipimo kilichopimwa. Lakini bila hivyo tutaendelea kumimina chupa ya sita juu ya chupa ya tano, majumbani, hospitalini na baharini, huku mgonjwa anazidi kuwa mweupe mbele yetu.

Ni hayo tu kwa leo. Tafakari.